Gari linachemsha: anza kwa kuuliza linachemsha lini

Nenda gereji yoyote Dar es Salaam useme "fundi, gari linachemsha", halafu sikiliza. Mara nyingi hutaulizwa chochote. Utapewa orodha ya vitu vya kununua. Leo rejeta, wiki ijayo pampu ya maji, kisha themostati inang'olewa na kutupwa, na mwisho unaambiwa mashine imechoka, kuna nyingine safi imeshuka kutoka Japani. Wapo waliofika mpaka huko, kumbe kilichokufa ni rilei ya feni, swichi yake ya umeme, kidude kidogo kuliko kiberiti.

Kuchemsha ni dalili, na dalili hii ina saa yake. Kuna gari linalochemsha kwenye foleni tu, lingine mlimani tu, lingine dakika tano baada ya kuwashwa. Kila moja lina mkosaji wake. Ukiweza kumweleza fundi linachemsha lini, umeshaondoa zaidi ya nusu ya vitu ambavyo angekununulisha.

Lakini kama unasoma haya ukiwa pembeni mwa barabara na mvuke unatoka kwenye boneti, anzia hapa.

Likikuchemkia njiani

1. Zima AC papo hapo. Kompresa inaongeza mzigo kwa injini, na kondensa ya AC iliyokaa mbele ya rejeta inaipelekea rejeta hewa ya moto.

2. Washa hita, joto la mwisho, upepo wa mwisho, na ushushe vioo. Hita ni rejeta ndogo iliyojificha nyuma ya dashibodi, nayo itatoa sehemu ya joto la injini. Utatoka jasho, lakini unaweza kuuona mshale wa joto unashuka. (Magari mengi ya huku hita yake ilishakatwa na fundi aliyeona haina kazi Dar. Kazi yake ndiyo hii.) Hita ikitoa upepo wa baridi huku mshale uko juu, maji yameisha au hayazunguki. Usiendelee hata mita mia.

3. Simama. Kama mshale umepanda kidogo tu na hakuna mvuke, unaweza kujivuta taratibu hadi mahali salama. Ukigusa nyekundu, zima injini. "Nifike tu pale sheli" ndiyo safari inayopinda hedi, kile kipande cha juu cha injini.

4. Weka pembetatu nyuma ya gari. Vuta kebo ya boneti ukiwa ndani, lakini usiinue boneti mpaka mvuke upungue.

5. Usiguse mfuniko wa rejeta. Maji yaliyomo yako kwenye shinikizo, kwa hiyo yanaweza kuwa na joto la nyuzi 110 na bado hayajachemka. Ukifungua, shinikizo linaondoka na yanageuka mvuke mara moja, yanakurukia usoni na kifuani. Subiri nusu saa au zaidi, hadi paipu ya juu ya rejeta ishikike kwa mkono na iwe laini ukiibana.

6. Usimwagie injini maji, hata kijana wa bodaboda aliyesimama kukusaidia akisisitiza vipi. Injini nyingi za leo, 1NZ ya Vitz na IST ikiwemo, ni alumini juu na chini, na alumini ya moto ikipata maji ya baridi ghafla inaweza kupinda au kupasuka.

7. Ikishapoa, funika mfuniko kwa kitambaa kinene, uzungushe kidogo, subiri shinikizo litoke, kisha fungua. Ongeza maji kidogo kidogo, na kumbuka umeongeza kiasi gani. Fundi atakuhitaji umtajie: nusu lita na lita nne ni kesi mbili tofauti.

Jambo moja linawaponza wengi. Gari ndogo kadhaa, Vitz na Passo zikiwemo, hazina mshale wa joto kabisa. Zina taa ya bluu inayowaka asubuhi injini ikiwa baridi, na taa nyekundu inayowaka mambo yameshaharibika. Hakuna onyo la katikati. Hata wenye mshale wasiuamini moja kwa moja: sensa yake imetengenezwa kukaa ndani ya maji, na maji yakiisha yote inabaki hewani, kwa hiyo mshale unaweza hata kushuka wakati injini inaungua. Gari likipoteza nguvu ghafla, likatoa harufu ya moto au mlio wa kugonga, simama hata kama mshale uko chini.

Maji yanavyozunguka, kwa ufupi

Pampu inasukuma maji ndani ya injini yabebe joto. Themostati ni mlango: injini ikiwa baridi umefungwa, ikifika takriban nyuzi 82 kwenye Toyota nyingi unaanza kufunguka na kuyaruhusu kwenda kwenye rejeta. Kwenye rejeta yanapozwa na upepo wa mwendo, au na feni gari likiwa limesimama. Mfuniko wa rejeta unashikilia shinikizo. Juu yake pameandikwa 0.9 au 1.1, na hiyo si namba ya urembo: kwa shinikizo hilo maji matupu yanachemka karibu na nyuzi 120 badala ya 100. Mbeya au Nairobi, ambako maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, mfuniko uliolegea utakuumbua mapema kuliko Dar.

Ndiyo maana kitu cha kwanza kukagua ni mfuniko, ambao ndio rahisi kuliko vyote. Angalia raba yake kama imekauka au kukatika, na springi kama bado ina ukakamavu. Dalili yake nyingine ni hii: gari likipata moto, maji yanapanda kwenye chupa ya akiba, lakini likipoa hayarudi kwenye rejeta. Chupa imejaa, rejeta imepungua. Nunua mfuniko wenye namba ileile. Ukiweka wa shinikizo kubwa zaidi, tangi la plastiki la rejeta iliyozeeka ndilo litakalopasuka.

Sasa: linachemsha lini?

*Kwenye foleni tu, ukipata mwendo linapoa.* Hapa mshukiwa ni feni. Ukiwa kwenye kilomita 60 kwa saa, upepo wa barabara unafanya kazi yake. Ukisimama Mwenge saa moja jioni, hakuna wa kuifanya. Jaribio lake ni la bure. Washa injini, washa AC, fungua boneti utazame. Kwenye gari nyingi za feni ya umeme, inatakiwa izunguke ndani ya dakika moja hivi. Isipozunguka, anza na fyuzi, kisha rilei. Kwenye boksi la fyuzi mara nyingi kuna rilei nyingine ya aina ileile inayofanya kazi nyingine. Zibadilishane nafasi uone. Bado? Fundi umeme aipe feni umeme wa betri moja kwa moja. Ikizunguka, mota ni nzima, shida iko kwenye waya au sensa. Isipozunguka, mota imekufa. Kuna na ya tatu inayopotosha sana: feni inazunguka, lakini kivivu, kwa sababu burashi zimekwisha. Ukiiona inazunguka unasema "feni iko sawa", kumbe upepo wake hautikisi hata karatasi. Mikono yako iwe mbali wakati wote huu, maana feni ya umeme inaweza kujiwasha hata injini ikiwa imezimwa.

Magari makubwa kidogo, kama Prado na Hiace nyingi za dizeli, yana feni inayozungushwa na mkanda kupitia klachi yenye mafuta ya silikoni. Zima injini ikiwa ya moto, kisha jaribu kuizungusha feni kwa mkono. Inatakiwa iwe nzito. Ikizunguka yenyewe kirahisi, klachi imekwisha.

*Barabara kuu na milimani, mjini liko poa.* Gari linapanda Kitonga na abiria watano na mizigo, mshale unaanza kupanda nalo. Hapa feni haihusiki sana. Maji hayapiti ya kutosha, au hayapoi yakipita. Tazama kwanza nje: kati ya kondensa na rejeta hujaa vumbi, wadudu na manyoya, na hutauona uchafu huo bila kuchungulia kwa tochi. Osha kwa maji ya shinikizo dogo, kutoka upande wa injini kwenda mbele; mashine ya kuoshea magari italaza mapezi yote membamba ya rejeta. Nje pakiwa safi, fikiria ndani, rejeta iliyoziba kwa kutu na magadi. Gari likiwa na joto, mwenye kipimo cha joto cha kuelekeza kwa mbali apime uso wa rejeta sehemu mbalimbali. Sehemu zenye ubaridi usio wa kawaida ni mirija iliyoziba. Halafu mkague pia paipu ya chini. Ikizeeka hulainika, na injini ikizunguka kwa kasi pampu inaifyonza hadi inajikunja. Gari likisimama inarudi umbo lake, kwa hiyo fundi haoni kitu. Mwambie mtu akanyage mafuta hadi mizunguko 3,000 kwa dakika wewe ukiwa unaitazama.

*Dakika chache tu baada ya kuwasha.* Mshale juu, lakini paipu ya juu ya rejeta bado baridi. Themostati imeganda ikiwa imefungwa, au kuna hewa ndani ya mfumo, hasa kama juzi tu palifunguliwa kitu.

*Muda wowote, na kila siku unaongeza maji.* Yanavuja. Usiku weka boksi kavu lililokunjuliwa chini ya injini, asubuhi usome matone. Maji masafi yasiyo na rangi wala harufu, yaliyodondoka upande wa abiria baada ya kutumia AC, ni ya AC, hayo yaache. Tone lenye rangi, au ukoko wa pinki au mweupe kwenye maungio ya paipu, kwenye mshono wa plastiki na alumini wa rejeta, au chini ya pampu ya maji, ndilo unalotafuta. Pampu ina kitundu kidogo kilichowekwa makusudi ili sili ikianza kufa uone maji mapema. Kuna mafundi wanaokiziba kwa gundi, wakaita hiyo matengenezo. Kapeti la miguuni likiwa limelowa na kioo kinatanda ukungu wenye harufu tamu, ni rejeta ya hita.

Kila kijiwe kina dawa yake ya kuziba rejeta: binzari, pilipili manga, yai, sabuni. Zinaziba kweli. Shida ni kwamba haziwezi kuchagua tundu, kwa hiyo zitaziba na mirija myembamba ya rejeta na ya hita. Ukiwa porini na giza linaingia, fanya ufike. Ukifika, safisha mfumo wote.

*Maji yanapungua, na hakuna tone popote.* Hii nimeiacha ya mwisho kwa sababu ndiyo inayoogopesha, na inastahili sehemu yake hapo chini, ile ya gasketi ya hedi.

Themostati si ya nchi za baridi

Utaambiwa na mafundi watu wazima, wenye uzoefu wa miaka mingi, kwamba themostati ni ya Ulaya, huku kwetu kuna joto, ing'oe. Mheshimu fundi, lakini hapa mkatalie. Nyuzi 32 za Dar na nyuzi 5 za Tokyo zote ni baridi kwa injini inayotaka kufanya kazi kwenye 90. Bila themostati injini inachelewa kupata moto, kompyuta ya gari inaendelea kumwaga petroli kana kwamba ni alfajiri, na oili inabaki na unyevu unaogeuka tope. Gari likiripoti kosa P0128, maana yake ni hiyo: maji hayafikii joto linalotakiwa. Juu ya hayo, themostati nyingi za Toyota zina kisahani cha pili kinachofunga njia ya mkato pale mlango mkubwa unapofunguka. Ukiing'oa, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Kwenye mlima mrefu, gari lililong'olewa themostati "lisichemshe" linaweza kuchemsha kwa sababu hiyo hiyo.

Kuipima ni kazi ya jikoni. Itumbukize kwenye sufuria ya maji, ining'inie kwa uzi isiguse chini, weka kipimajoto, bandika motoni. Joto lake limegongwa kwenye chuma chake. Ikaribiapo hapo ianze kufunguka, na kabla maji hayajachemka iwe wazi kabisa. Ikitolewa ikapoa, ifunge. Isipofanya hivyo nunua nyingine; bei yake haifikii tangi moja la mafuta.

Maji gani, kulanti ipi

Maji ya kisima ya sehemu nyingi za Dar yana chumvi. Yakizunguka ndani ya injini ya alumini yanakula chuma na kuacha magadi kwenye mirija. Ya bomba ni afadhali, ya kunywa ya chupa nayo yana madini yake. Kwa dharura tumia lolote lililopo, hata la chumvi, kisha baadaye umwage. Kwa kudumu tumia kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupozea injini, na kama ni ya kuchanganya, ichanganye na maji yaliyotoneshwa. Dukani watayaita maji ya betri. Soma chupa vizuri usije ukapewa asidi.

Rangi si kipimo. Pinki ya kampuni moja na pinki ya nyingine zinaweza kuwa vitu viwili, na kuchanganya kijani na pinki ovyo kunaweza kuharibu dawa za kuzuia kutu zilizomo. Fuata kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, si rangi uliyoikuta. Gari likiwa ndiyo kwanza limetoka bandarini na huna historia yake, mwaga yote uanze upya; gari ndogo huchukua lita 4 hadi 6 hivi.

Kulanti feki ni maji yenye rangi ya chakula. Kama chupa inasema nusu yake ni glikoli, ile kemikali inayozuia kulanti kuganda, mimina kidogo kwenye kichupa cha plastiki, kifunge sana na uandike SUMU, ukiweke kwenye friza usiku kucha. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu hauwezi kuganda kwenye friza ya nyumbani. Unahitaji karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Ukikuta barafu ngumu, umeuziwa maji. Kichupa hicho kitupe. Glikoli ina ladha tamu na inaua, watoto na mbwa hawajui hilo, kwa hiyo hata uliyoimwaga kwenye beseni usiiache uani.

Gasketi ya hedi

Gasketi hii inatenganisha moto wa silinda na njia za maji na oili. Ikiungua, vitu hivi vinaanza kutembeleana. Tazama dalili zaidi ya moja kabla ya kukubali: moshi mweupe wenye harufu tamu unaoendelea hata injini ikiwa ya moto, oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, mapovu yasiyoisha kwenye rejeta injini ikiwashwa mfuniko ukiwa wazi (ufunguliwe ikiwa baridi kabisa), paipu ya juu kuwa ngumu dakika moja tu baada ya kuwasha asubuhi, kabla joto halijaweza kujenga shinikizo. Ukoko wa maziwa chini ya mfuniko wa oili peke yake hautoshi, kwani gari la safari fupi fupi hupata huo kwa unyevu tu.

Kipimo cha kumaliza ubishi ni kile cha kimiminika cha bluu kinachowekwa juu ya mdomo wa rejeta. Gesi ya injini ya petroli ikiwa inaingia kwenye maji, kinageuka njano. Dai kipimo hiki kabla hedi haijafunguliwa.

Ikifunguliwa, usikubali gasketi mpya juu ya hedi ambayo haijapimwa. Hedi ipimwe kwa rula ya chuma iliyonyooka na vijani vya kupimia nafasi. Kwenye injini ndogo nyingi za Toyota mpindo unaoruhusiwa ni takriban milimita 0.05, kitu ambacho jicho haliwezi kukiona, hivyo "nimeitazama iko sawa" si jibu. Ikizidi, ipelekwe kwenye mashine ikasawazishwe. Bolti zake zipimwe urefu, kwa kuwa huvutika, na zifungwe kwa hatua na kwa spana ya kupimia nguvu. Fundi asiye na spana hiyo asiifunge hedi yako.

Mara nyingine hesabu itaonyesha bora kununua injini nyingine. Sawa, lakini ujue kwamba namba ya injini imo kwenye kadi ya gari. Badilisha kumbukumbu TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania), tena mapema, usisubiri siku mnunuzi anapokuja na fundi wake kulinganisha namba.

Baada ya kazi: kutoa hewa

Matengenezo mazuri mengi yanaharibikia hapa. Hewa iliyobaki ndani inakaa juu, karibu na hedi, na gari linachemsha tena kesho yake.

Egesha pua ya gari ikiwa juu kidogo, mwinuko wowote unatosha. Injini ikiwa baridi, jaza rejeta taratibu. Weka hita kwenye joto la mwisho, washa injini mfuniko ukiwa wazi, uiache kwenye sailensa, yaani izunguke taratibu bila kukanyaga mafuta. Bana na kuachia paipu za juu na chini; utaona mapovu yanatoka na maji yanashuka, ongeza. Themostati ikifunguka, maji yatashuka ghafla, ongeza tena. Yakianza kupanda na kumwagika, funga mfuniko. Subiri feni iwake na kuzima mara mbili huku hita inatoa upepo wa moto kweli kweli. Chupa ya akiba ijazwe kati ya alama ya chini na ya juu.

Kesho yake asubuhi, kabla ya kuwasha, fungua mfuniko uangalie. Kupungua kidogo siku ya kwanza ni hewa iliyobaki, jaza. Angalia tena kila asubuhi kwa wiki nzima, na kama bado yanapungua na boksi lako chini ya injini ni kavu, rudi gereji uombe kile kipimo cha bluu.